Kabla hujachagua koleji Uingereza, uliza jiko, uliza na Desemba

Novemba 2015 nilikuwa kwenye kibanda cha intaneti Mwenge, nalipia kwa nusu saa, najaza fomu ya kuomba shahada ya uzamili Cambridge. Vyeti, majina ya wadhamini, maelezo ya utafiti, vyote vilikuwa kwenye flashi. Kisha fomu ikanitaka nichague koleji mbili. Mimi ni mwalimu na nilikuwa naomba kusoma elimu, kwa hiyo nikaanza kutafuta koleji ya elimu. Sikuiona. Nikatafuta tena kwa herufi, A mpaka W, sikuiona. Dakika zilikuwa zinakwisha, nikachagua kwa picha: moja ilikuwa na mto mbele yake, nyingine jina lake nilikuwa nimewahi kulisikia redioni. Nikabonyeza.

Siku hizi kila ikifika Agosti simu yangu inaanza: "Shikamoo madam, naomba unisaidie, nimefika kwenye koleji nimekwama." Marahaba. Haya ndiyo ninayowaambia, na nimeyaandika kwa urefu kwa sababu kwenye simu huwa yanakatika nusu.

Koleji si ndaki

Kosa langu la Mwenge lilitokana na neno. Kwa mtu aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, koleji ni ndaki: Ndaki ya Uhandisi, Ndaki ya Sayansi za Jamii, mahali panapofundisha somo fulani. Cambridge na Oxford si hivyo. Ndani ya koleji moja anakaa wa fizikia, wa sheria, wa Kilatini na wa udaktari wa tiba, wote wanakula ukumbi mmoja. Mihadhara, maabara, mitihani na shahada ni vya chuo kikuu. Koleji inakupa chumba, chakula, maktaba yake, mlezi wa kukufuatilia, na mfuko wa kukushika mkono ukikwama. Kwa wa shahada ya kwanza inaongeza jambo kubwa: inakupangia vile vipindi vya kukaa wawili au watatu na mwalimu mmoja, mnajadili kazi mliyoandika wiki ile.

Chukua picha ya bweni la shule ya sekondari, kisha bweni hilo ulipatie bajeti yake, mashamba yake, sheria zake na umri wake. Peterhouse, iliyo kongwe kuliko zote Cambridge, ilianzishwa 1284. Cambridge ina koleji 31. Oxford zinazidi 40 ukijumlisha na kumbi ndogo zilizoanzishwa na madhehebu ya dini. Durham, kaskazini kabisa, wanazo 17, ila huko koleji hazifundishi. Ni makazi na maisha ya pamoja.

Angalia usichanganye na London. King's College, Imperial College na University College London zina neno hilo kwenye majina, lakini kila moja ni chuo kamili unachokiomba moja kwa moja. York, Lancaster na Kent nako kuna koleji, ila huko hazina uzito huu katika maombi. Na vyuo vingi vya Uingereza havina mfumo huu hata kidogo. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, na hakuna mtu aliyemuuliza anataka koleji gani. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, yeye, alipopata uzamivu wake Oxford mwaka 1966 alikuwa Nuffield, koleji ndogo ya sayansi za jamii isiyochukua wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalomwambia kijana ni hili: shahada yako itaandikwa jina la chuo kikuu. Mwajiri wa Dodoma hatauliza koleji. Utakayeuliza ni wewe mwenyewe, kila siku, ukiwa na njaa au ukiwa huna pa kulala.

Je, inapunguza au kuongeza nafasi ya kuchaguliwa?

Hapa inategemea unaomba ngazi gani.

Ukiomba uzamili au uzamivu, anayekuchagua ni idara. Wanasoma maombi yako bila kujali koleji uliyoandika. Wakishakukubali ndipo faili linapelekwa koleji. Ukikubaliwa na kutimiza masharti, Cambridge na Oxford zote zinahakikisha unapata koleji moja. Kwa wa uzamivu nasema waziwazi: msimamizi wako wa utafiti ana uzito mara mia kuliko koleji. Mwandikie yeye kwanza, miezi kadhaa kabla. Koleji utafikiria baadaye.

Ukiomba shahada ya kwanza mambo yanabadilika. Koleji ndiyo inayosoma fomu yako, inayokusaili, inayotoa nafasi. Fomu hupitia mfumo wa pamoja wa UCAS, na kwa Oxford na Cambridge tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku. Umeme wa mtaani kwenu usikuweke roho juu usiku huo. Tuma wiki moja kabla. Na kwa shahada ya kwanza huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, uchague moja.

Vijana hunitumia majedwali ya "koleji rahisi kuingia". Nawaomba waachane nayo. Ikiwa koleji imepata waombaji wazuri kuliko nafasi zake, Cambridge huwaweka wale waliobaki kwenye kapu moja, na koleji nyingine zinakuja kuchota humo mwezi Januari. Mamia hupata nafasi kwa njia hiyo kila mwaka. Mwenye uwezo hafichwi na wingi wa watu, na asiye na maandalizi habebwi na uchache wao.

Pia kuna njia ya kutochagua kabisa: unajaza maombi ya wazi, kompyuta inakupangia koleji, na kuanzia hapo unahesabiwa kama uliyeichagua mwenyewe. Si njia mbaya. Lakini kwa mtu anayetoka mbali mimi siipendi, na sababu yake nimeishuhudia ndani ya familia.

Desemba utalala wapi?

Binti wa dada yangu alisoma A-level za mfumo wa Uingereza hapa Dar na akapata nafasi ya shahada ya kwanza. Koleji yake, ambayo sitaitaja, aliichagua kwa ajili ya uwanja wa nyasi na mnara wa kengele. Tulifurahi ukoo mzima. Mwaka wake wa kwanza, mwishoni mwa Novemba, akanipigia usiku.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Wanasema Jumamosi saa nne asubuhi chumba kiwe kitupu."

"Kitupu vipi? Wewe si unarudi Januari?"

"Narudi. Lakini vitu vyote vitoke. Mashuka, vitabu, hata kanga ulizonipa. Chumba kinakodishwa kwa wageni wa mkutano."

"Na stoo?"

"Stoo imejaa. Wa mwaka wa tatu waliwahi."

Hakuwa amefanya kosa lolote. Mihula ya Cambridge ni mifupi, wiki 8 za masomo, na koleji nyingi humkodishia mwanafunzi wa shahada ya kwanza chumba kwa muhula tu. Mwingereza anakuja kuchukuliwa na baba yake kwa gari, anarudi kwao Leeds na mablanketi yake. Mtoto wetu tiketi ya Desemba ndiyo ghali kuliko zote za mwaka. Kulikuwa na fomu ya kuomba kubaki likizo, lakini mwisho wake ulikuwa umepita wiki nne nyuma, na barua pepe iliyoitangaza ilikuwa katikati ya barua nyingine hamsini za wiki ya kwanza. Alipanda basi kwenda London na masanduku mawili na begi la shangazi kaja, akakaa kwa familia moja ya Kitanzania waliomkunjulia godoro sebuleni wiki sita. Mungu awabariki. Lakini wiki sita za sebuleni si za kusoma, na mitihani ilikuwa inamsubiri.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuiuliza koleji yoyote, kabla ya historia yake, kabla ya nani maarufu alipita pale, ni hili: mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kukaa chumbani kwake likizo ya Krismasi na ya Pasaka? Chumba kilekile au anahamishwa? Kwa bei gani kwa usiku? Maombi yake yanafungwa tarehe ngapi? Na kama ni lazima kutoka, kuna stoo iliyotengwa kwa wanaotoka nje ya nchi? Koleji zinatofautiana sana kwa hili. Ziko zinazotoa mkataba wa mwaka mzima wa masomo, ziko za muhula kwa muhula, na ziko zinazokupa uchague.

Hesabu yake ifanye kwa kalamu. Tuseme chumba cha kwanza ni pauni 170 kwa wiki, mkataba wa wiki 30: jumla 5,100. Cha pili ni pauni 150 kwa wiki, wiki 39: jumla 5,850. Haraka haraka utasema cha kwanza ni nafuu. Sasa ongeza siku 35 za Krismasi kwa pauni 30 kwa usiku, ambazo ni 1,050. Cha kwanza kimefika 6,150, na Pasaka bado hujaigusa. Bei hizo ni za mfano. Wewe weka zile utakazotumiwa na ofisi ya malazi.

Kwa wa uzamili swali ni lilelile ila mwezi unabadilika. Uliza mkataba wa chumba unaisha lini, kisha tazama tasnifu inawasilishwa lini. Nimemwona mwenzangu anahama chumba mwisho wa Juni na tasnifu inadaiwa Agosti, anasukuma vitabu kwenye toroli ya dukani.

Jiko

Mimi mwenyewe nilikwama jikoni. Koleji ilikuwa nzuri, watu wema, lakini nilikuwa sijauliza lolote kuhusu kupika. Nilidhani nitakula ukumbini kama kila mtu.

Mwaka 2017 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Mei. Kule kaskazini majira hayo jua halitaki kuzama. Tulikuwa tunafungua baada ya saa tatu usiku, na daku ni kabla ya saa tisa usiku. Ukumbi wa chakula unafungwa saa moja na nusu. Kwa hiyo nilitegemea jiko la ghorofani kwetu: sahani mbili za umeme, maikrowevu moja, hakuna oveni, dirisha linalofunguka kiganja kimoja, friji moja ya watu wanane ambamo rafu yangu ilikuwa ile ya chini kabisa inayogandisha mboga. Sahani moja ilikuwa inachukua dakika 20 kuchemsha maji ya uji.

Siku ya nne ya mfungo nilikuwa nakaanga vitunguu kwa ajili ya maharage. Kengele ya moto ikalia. Jengo zima likashuka chini, wengine wana mtihani kesho yake, wengine miguu pekupeku kwenye kokoto. Bawabu alikuja na daftari lake na tochi, akapanda, akateremka, akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unapika nini saa hizi?" Nikamweleza. Akasimama kidogo, akafunga daftari. Kesho yake alinionyesha jiko jingine la jengo la nyuma, lenye feni ya kutoa moshi, akaniandikia ufunguo kwa jina langu mpaka Idi. Ningalijua kuuliza mapema ningaliomba chumba cha jengo lile tangu Septemba.

Basi uliza hivi, na uulize kwa undani. Jiko lina sahani ngapi, lina oveni, linatumiwa na watu wangapi. Friji ina sehemu ya kugandishia au la. Sufuria na jiko la wali la umeme vinaruhusiwa. Ukumbi unapika nyama ya halali kila siku au kwa kuagiza. Jumamosi na Jumapili unafunguliwa? Na kuna ada ya jikoni ya lazima kila muhula? Koleji kadhaa za Cambridge zinatoza kiasi fulani kwa muhula ule au usile, na wewe unayepika ugali wako unalipia meza usiyoikalia.

Muslimu ajue pia kwamba msikiti mkubwa wa Cambridge uko Mill Road. Wakati wangu ulikuwa unajengwa. Ulifunguliwa 2019, wenye nguzo za mbao zinazopanda kama miti na kukutana juu. Barabara hiyohiyo ina maduka ya vyakula vya watu wa Asia na kwingineko, ndiko nilikokuwa napata nyama, pilipili na viungo vya pilau. Koleji ya Hughes Hall iko karibu na barabara hiyo. Girton iko kilomita kama nne nje ya mji, upande mwingine kabisa. Pazuri, pana bustani na utulivu, lakini piga hesabu ya kilo tano za mchele kwenye baiskeli, mvua inanyesha, na mwezi Desemba jua linazama saa kumi kasorobo.

Pesa

Hili linawahusu zaidi wa shahada ya kwanza Cambridge. Mgeni analipa ada ya chuo kikuu na juu yake ada ya koleji, ambayo ni karibu pauni 10,000 kwa mwaka au zaidi, na kila koleji ina yake. Tofauti kati ya koleji na koleji inaweza kuzidi pauni elfu moja kwa mwaka, na wewe unalipa miaka mitatu au minne. Zipange zote kwenye karatasi moja kabla hujapenda jina lolote. Oxford ada ya koleji imeshaingizwa ndani ya ada ya kozi, na kwa uzamili Cambridge ni vivyo hivyo.

Halafu kuna utajiri. Koleji hazilingani. Trinity ya Cambridge, iliyoanzishwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1546, ina mali inayozidi pauni bilioni moja. St John's nayo ina nguvu. Utajiri huo unamfikia mwanafunzi kwa namna za kawaida kabisa: ruzuku ya vitabu, nauli ya kwenda kwenye utafiti, chumba cha bei iliyopunguzwa, mfuko wa dharura baba akifiwa na biashara. Waulize mfuko wa dharura kama unamhudumia mwanafunzi wa kigeni, maana misaada mingine ni ya Waingereza tu, na hili utaliona tu ukisoma masharti mpaka chini.

Usifikiri kuchagua koleji tajiri kutakupa udhamini. Udhamini mkubwa kama Gates Cambridge kwa Cambridge au Rhodes kwa Oxford haukuangalii koleji. Ipo michache iliyofungwa na koleji maalumu. Mara nyingi ukiupata wanakuhamishia wao huko. Lakini soma masharti ya ule unaouomba, kwa sababu mingine inataka uwe umeitaja koleji. Na kabla hujalipia ada ya fomu ya uzamili, tafuta kipengele cha msamaha: vyuo vyote viwili vinawasamehe waombaji wa baadhi ya nchi za kipato cha chini.

Mambo mengine, kwa haraka

Anza kwa kuhakikisha koleji inafundisha kozi yako. Si zote zinapokea kila somo, na kwa udaktari wa tiba nafasi za wageni ni chache mno kwa sababu serikali imeziwekea ukomo, hivyo waandikie kwanza waseme kama wanapokea mwombaji wa nje.

Umri. Ukiwa umefanya kazi miaka kadhaa, usijitupe katikati ya watoto wa miaka 18 kama huna sababu. Kule Cambridge, koleji za Darwin na Clare Hall ni za uzamili na uzamivu tu. Hughes Hall, Wolfson na St Edmund's huchukua wa shahada ya kwanza walio na miaka 21 na kuendelea. Darwin na Wolfson hazina hata ile meza kuu ya maprofesa kukaa juu yenu. Mnakula pamoja, na kwangu mimi mwalimu wa miaka 30 hilo lingalinifaa sana. Oxford wapo Linacre, St Cross, Wolfson na wengineo, na anayesoma mambo ya Afrika ataisikia sana St Antony's. All Souls utaiona kwenye picha zote za Oxford, lakini haina mwanafunzi wa kawaida, usiitafute kwenye fomu.

Mabinti ambao wazazi wao wanataka makazi ya wanawake peke yao wana Newnham na Murray Edwards, zote Cambridge. Nimekaa na wazazi wawili wa Tanga waliokuwa wamekataa kata kata, na Newnham ndiyo iliyowafanya wakubali mazungumzo. Oxford hakuna tena koleji ya namna hiyo tangu St Hilda's ilipoanza kuchukua wanaume mwaka 2008. Lucy Cavendish ya Cambridge nayo siku hizi ni ya mchanganyiko, ingawa makala nyingi za zamani bado zinasema ni ya wanawake.

Familia. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi za kufundishwa haruhusiwi kuomba viza ya mwenzi na watoto kwa njia ya kawaida; wa uzamivu anaruhusiwa. Kama unakwenda na familia, Clare Hall ya Cambridge na Wolfson ya Oxford zina desturi ndefu ya kupokea wenye watoto, ila nyumba hizo huwa hazitoshi. Uliza orodha ya kusubiri ina urefu gani.

Umbali: tazama koleji na idara kwenye ramani moja. Mimi kitivo changu kilikuwa Hills Road, kusini, jirani kabisa na Homerton, koleji iliyokuwa chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Ile ndiyo "koleji ya elimu" niliyokuwa naitafuta Mwenge bila kujua! Nilipangiwa upande wa pili wa mji, na mwaka mzima nimeukata mji kwa baiskeli kila asubuhi, upepo usoni.

Ibada. Koleji nyingi zina kanisa na sala ya Kilatini kabla ya karamu rasmi, na divai mezani. Hakuna atakayekulazimisha. Utavaa joho, utasimama kwa sala yao, utaagiza juisi.

Na mawakala. Cambridge na Oxford hazitumii wakala kuchagua wanafunzi. Atakayekuambia kwa milioni kadhaa atakupatia koleji fulani, funga simu. Jihadhari pia na shule yoyote iliyojibandika neno Oxford au Cambridge kwenye jina lake; orodha halisi ya koleji iko kwenye tovuti ya chuo kikuu, na kama haimo humo, haimo.

Namna ya kuuliza

Majibu ya Desemba na ya jiko hayapo kwenye vitabu vya kuvutia waombaji. Andika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili ya koleji, omba iunganishwe na ofisi ya malazi. Kiingereza chepesi kinatosha. Jitambulishe kwa sentensi moja: natoka Tanzania, nataka kuomba kozi fulani mwaka fulani. Kisha maswali manne au matano, yamepewa namba, wasiweze kuruka. Tuma kwa koleji tatu au nne, siku moja, maneno yaleyale.

Halafu angalia kasi na utu wa majibu. Koleji moja ilimjibu kijana wangu mmoja kwa kiungo cha tovuti tu. Nyingine ilimtumia mchoro wa ghorofa, jiko likiwa limezungushiwa kalamu nyekundu, na jina la mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa tayari kuongea naye. Hajaingia mlangoni na ameshapokelewa.

Vyama vya wanafunzi vya koleji pia huandika miongozo yao, na humo ndimo utakapokuta ukweli kuhusu baridi ya vyumba na bei ya kufua. Ukimpata Mwafrika Mashariki mmoja anayekaa pale, muulize kwa Kiswahili. Mtu akiulizwa kwa lugha ya nyumbani anasema.

Ukipangiwa koleji usiyoichagua

Itatokea. Mimi ilinitokea: zote mbili za Mwenge zilijaa, ikaja barua ya koleji ambayo jina lake sikuwahi kulisoma. Nililia kidogo, nikidhani nimeshushwa daraja. Hapana. Idara ilikuwa imenikubali kwa alama zilezile, walimu walewale, na ile koleji ndiyo iliyonipa bawabu yule na ufunguo wake.

Ukipokea barua ya namna hiyo, usipoteze wiki kuomba uhamisho. Huwa haukubaliwi ila kwa sababu nzito. Siku hiyohiyo iandikie ofisi ya malazi ya koleji mpya maswali yaleyale. Fomu ya chumba ikija, jaza kile kisehemu cha maelezo ambacho wengi wanakiacha kitupu. Andika kwamba unatoka nje ya Ulaya na utahitaji chumba likizo zote. Andika kwamba unapika kila siku na unaomba jengo lenye jiko kamili. Andika unavyofunga, unavyosali, kama mguu una tatizo na ngazi, kama hujawahi kuishi kwenye baridi. Binti wa dada yangu mwaka wake wa pili aliandika mistari saba. Alipewa chumba cha ghorofa ya chini, wiki 39, oveni mlango wa tatu, na Krismasi ile alinipigia akiwa anakanda chapati.